Asubuhi Peugeot Iliponyamaza

Ngeleka aliwasha gari akasubiri kelele. Kelele haikuja.

Alibaki ameshika usukani, sikio kalitega, kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina watu. Ilikuwa Juni ya mwaka 1975, na baridi ya Kolwezi ilikuwa imetanda kwenye vioo kama maziwa. Tangu Aprili, kila alipoiwasha ile Peugeot 404 aliyoinunua kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa akifunga virago, injini ilimpokea kwa mchakacho mkali, mithili ya misumari inayotikiswa koponi. Ulidumu muda wa Salamu Maria moja, kisha injini ikatulia. Omer, fundi wa barabara ya Mutoshi, alikuwa amemweleza: kidude kinachokaza mnyororo wa injini kimechoka. Gari likilala, oili hushuka, mnyororo ukalegea na kugonga kuta. Oili ikipanda, hunyamaza. Kipuri kingetoka Lubumbashi.

Mchakacho ulikuwa umepungua kidogo kidogo, akadhani ni ile oili nzito. Lakini leo, baada ya wiki nzima ya zamu mbili mbili alizokwenda kwa basi la wafanyakazi, gari likibaki nyumbani, haukuwepo kabisa. Kwanza alifurahi. Alipofika lango la mgodi, furaha ilikuwa imeshachacha. Injini haijitibu. Kama haikulia, basi haikuwa baridi. Na kama haikuwa baridi, kuna mtu aliyeiwasha kabla yake.

Na ufunguo hutundikwa jikoni.

Kwa miaka ishirini na miwili Ngeleka alikuwa amesimama kando ya kinu cha kuvunjia mawe ya shaba, na kazi hiyo ilikuwa imemfunza kushuku: kipande kimoja cha chuma kikijificha kati ya mawe, mashine nzima inang'oka meno. Siku hiyo aliyachambua ya nyumbani kwake kwa jicho lilelile. Kanku, mkewe, alikuwa amebadilika. Alizungumza na binti yao Simone kwa kunong'ona, midomo ikicheza, na yeye alipoingia walimtazama tu. Akiuliza jambo, mkewe alimwita tata, yaani baba, na jibu lilikuwa lilelile: "Nilikuambia jana, Tata Simone." Na jana hakuambiwa kitu.

Usiku aliweka kijiwe mbele ya gurudumu. Asubuhi alikikuta palepale. Akagusa kifuniko cha injini: baridi ya chuma kilicholala nje. Akawasha: kimya. Ushahidi huo, badala ya kumtuliza, ulimchoma zaidi. Gari halijatembea, halijapata joto, na bado halilii. Kwa hiyo limefunguliwa likatengenezwa. Mwenye mkono wa kulifungua alikuwa Omer peke yake, na ni fundi gani anayetengeneza gari la mtu kwa siri, kama hana kingine kinachomleta wakati mwenye nyumba yuko kazini?

Jumamosi, akiwa tena ndani ya basi la wafanyakazi, alimwona Kanku mbele ya gereji ya Omer. Walikuwa wamesogeleana. Omer alikuwa akitikisa kichwa.

"Leo ulikwenda wapi?" alimuuliza jioni.

"Sokoni," Kanku alisema, akakazia macho sufuria.

Ngeleka aliitikia kwa kichwa. Akasukuma sahani ya ugali kando.

Jumatatu zamu yake ilikuwa ya mchana. Kulipopambazuka alitoka nje kunawa uso, akamkuta Omer uani, kifuniko cha injini kiko juu, na Kanku kando yake amejifunga shali.

"Kumbe!" Ngeleka alifoka. "Mi navunja mawe, ninyi mnafungua gari langu! Na nini kingine mnafungua, Omer?"

Fundi alifuta mikono kwenye kitambaa, taratibu. Kanku ndiye aliyemjia, akamshika mkono, akamgeuza hadi wakatazamana.

"Ni mi nimemuita. Gari linalia vibaya sana."

"Linalia wapi? Wiki ya pili hii halilii!"

Kanku na Omer walitazamana. Fundi akanyoosha kidole kwenye ufunguo.

"Washa, tata."

Aliwasha. Injini ilinguruma chini kwa chini, laini, bila mchakacho. Ngeleka aliruka nje ameinua mkono wa ushindi. Mkono ukamgandia hewani. Kanku alikuwa ameziba masikio. Ng'ambo ya ua, jirani yao Kalenga, aliyekuwa akinyoa ndevu, alikuwa ameshusha wembe na kukunja uso. Kuku walikuwa wakikimbilia nyuma ya nyumba.

Omer akauchukua ule mkono ulioinuliwa, akaulaza juu ya chuma mbele ya injini. Chini ya kiganja kitu kilikuwa kikiruka, kikigonga, kikisaga meno. Ngeleka akaondoa mkono: kimya. Akaurudisha: ghasia. Kisha chuma kikatulia chenyewe, kama mtoto aliyechoka kulia.

Omer alizima gari. Hakuna aliyesema kitu, au labda walisema.

"Tangu lini?" Ngeleka aliuliza hatimaye.

"Tangu Pasaka umeanza kutosikia vizuri."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuambia. Hukusikia." Kanku alipangusa shavu kwa ncha ya shali. "Halafu nikaogopa. Daktari wa kampuni akijua, watakutoa kwenye mashine. Nyumba ni yao, na unga ni wao. Nilikwenda kwa Omer ili usiende wewe. Wenzako wote wanakaa pale kwenye benchi la gereji. Wangekuona unaiwasha na kutabasamu huku inalia, wakajua husikii."

Ngeleka aliinamisha uso. Yale aliyokuwa amemdhania mwanamke huyu hakuthubutu kuyatamka. Na jinsi Kanku alivyomtazama, alihisi ameshayasoma yote.

Omer alikunjua gazeti akatoa kipuri kipya, akaanza kulegeza bolti. Barabarani wanaume wa zamu ya asubuhi walipita na kofia zao za chuma, wakainua mikono. Ngeleka akainua wake. Kisha akabeba vigoda viwili, akaviweka juani, akakalia kimoja.

"Niambie," alisema.

"Nini?"

"Yote yaliyonipita."

Kanku alifikiri, kama mtu mwenye kapu lililojaa asiyejua aanze kutoa kipi.

"Chumvi imekwisha," alisema, akiachanisha midomo vizuri. "Toka juzi. Nilikuambia mara tatu."

"Chumvi," Ngeleka alirudia. "Na nini tena?"

Kanku akavuta kigoda chake karibu.