Ala Nyingine ya Verlin

Kifurushi kilipoletwa tena mlangoni, Oneta Tackett hakuona haja ya kukifungua. Alikitikisa, akasikia skrubu zikicheza ndani, akajua ni ala nyingine, mfuko wa kuvalia bastola. Alikibwaga juu ya meza ya jikoni, pembeni mwa sufuria ya maharage, akamwita mumewe kwa sauti iliyomwamsha mbwa.

“Verlin! Mgeni wako kafika!”

“Usikirushe, mama. Hii ndiyo yenyewe.”

“Na ile ya wiki jana ilikuwa nani? Shangazi yake?”

Verlin alikuwa ameshatafuta kisu cha kukatia utepe wa gundi, uso umemchangamka, na Oneta akarudi kwenye maharage yake akisonya.

Kila mwanamume wa sehemu zile za mashariki mwa Oklahoma ana sanduku kabatini lililojaa ala za bastola alizonunua, akazivaa kidogo, akazichoka. Hakuna anayeona ajabu. Wengine huwarithisha wana wao sanduku zima, na wana nao huongezea zao. Oneta alikuwa ameishi na sanduku la Verlin miaka yote ya ndoa, kama alivyoishi na kukoroma kwake. Lakini tangu Krismasi mambo yalikuwa yamevuka mpaka. Ala ya ngozi, ati imekaza mno. Ya plastiki ngumu, ati imelegea. Ya kuvaa ndani ya suruali inambana tumbo, ya nje inaonekana chini ya shati, ya kwapani inamfanya ajione kachero wa kwenye televisheni. Ile ya kifundo cha mguu ilimlazimu ainame, na kuinama ni kazi ya vijana. Kila moja ilikuja na sifa zake, ikaondoka na lawama zake, na aliyelazimika kusikiliza yote hayo alikuwa Oneta.

Halafu kulikuwa na vishikizo vya kuwekea bastola. Kimoja kilifungwa ndani ya pikapu, katikati ya viti, na kilikuwa kimeshamchania Oneta soksi zake za kanisani. Kingine kilikuwa nyuma ya ubao wa kitanda. Chini ya meza ya jikoni Verlin alibandika sumaku kubwa ya kushikia bastola, akaona haifai, akaiacha hapohapo, na sasa Oneta akipiga magoti kufagia makombo, vibanio vya nywele vinavutwa vinamtoka kichwani.

“Bastola moja, kila mahali kitanda chake,” alimwambia. “Hata watoto wetu hawakulelewa hivyo.”

Lakini kilichomkosesha raha hasa hakikuwa vikorokoro hivyo. Alikuwa akimfikiria Gaylon Pruitt, shemasi wa kanisa lao, mtu makini asiye na papara. Siku moja Gaylon alikuwa akiirudisha bastola kwenye ala palepale kwenye maegesho ya kanisa, ikafyatuka, risasi ikampenya paja. Alipona, ila mguu anauburuta mpaka leo. Kuichomoa watu wengi wanaweza. Hatari kubwa iko kwenye kuirudisha. Tangu hapo, Verlin akiingia gereji kujizoeza, bastola ikiwa tupu, Oneta huzima redio ili asikilize. Aliogopa, basi. Aliogopa kwamba siku moja haitakuwa tupu.

Jioni ile alimpelekea chai ya barafu, akasimama kwenye mlango wa gereji. Verlin alikuwa amempa mgongo, ala mpya kiunoni. Aliichomoa bastola vizuri tu. Kuirudisha ndiko kulikomshinda. Mtutu uligonga mkanda, ukateleza nyongani, ukaelekea pajani, ukarudi, ukagonga mkanda tena. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka. Mwishowe aliushika kwa mkono wa kushoto, akausukuma kama anayemwingiza ndama zizini.

Aligeuka, akamwona mkewe.

“Mdomo wa ala hii mwembamba,” alisema. “Kesho twende dukani kwa Lonnie. Anazo zenye mdomo mpana.”

Oneta alimkabidhi chai. Alikuwa amechoka, na alikuwa na mashaka, na hakujua aanze na lipi.

Duka la bunduki la Lonnie Yandell hujaa Jumamosi asubuhi, wanaume tupu wanaokunywa kahawa ya bure na wasinunue kitu. Lonnie husali kanisa moja na akina Tackett. Alimfunga Verlin ala kiunoni kwa mikono yake, akampa bastola ya plastiki ya buluu, ile ya kujaribishia.

“Haya, Ndugu Verlin. Hii mdomo wake kama ndoo.”

Verlin alijaribu. Mtutu wa buluu ulipita nje. Alijaribu tena, akajigonga mfupa wa nyonga. Akajaribu kwa mara nyingine, na mkono ukatetemeka waziwazi mbele ya watu wote, plastiki ikigongagonga ukingo wa ala. Mtu mmoja alichukua kopo la mafuta ya bunduki, akajitia kusoma maandishi yake.

“Ni mkanda,” Lonnie alisema haraka. “Mkanda wako laini, ndiyo maana ala inacheza.”

“Mimi naona ni shati,” alidakia mzee mmoja mwenye kikombe. “Linaingia njiani.”

“Igeuze kidogo, ikae mshazari.”

“Hata yangu ilinisumbua hivyohivyo.”

Oneta aliwatazama mmoja mmoja. Wanaume wazima, wenye macho yao, wanampaka mwenzao mafuta kwa mgongo wa chupa! Wangemuuzia mkanda, wangemuuzia shati, wangemuuzia ala nyingine na nyingine mpaka ajitoboe paja kama Gaylon, halafu wote wangekuja na mabakuli ya chakula kumwombea. Hasira zilimpanda mpaka masikio yakamwaka moto.

“Si mkanda!” alisema. “Si shati, Lonnie, wala si hiyo takataka uliyomfunga. Ni mkono. Nyote mnauona. Verlin, mpenzi, ni mkono wako.”

Verlin aliiweka bastola ya buluu juu ya kaunta taratibu, akatoka nje, ala ya dukani ingali kiunoni mwake.

“Dada Oneta,” Lonnie alinong’ona, “mwache tu aende nayo.”

“Nani kakuuliza habari ya ala?”

Alimkuta Verlin kwenye pikapu, amekaa upande wa abiria, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu wainunue. Oneta akashika usukani. Walipita kituo cha mafuta, wakapita kanisa, wakapita malisho ya akina Pruitt.

“Umenivua nguo mbele za watu,” Verlin alisema hatimaye.

“Ningekwambia wapi? Nyumbani? Nyumbani ungeniambia mdomo mwembamba.”

“Ningekwambia hivyo, ndiyo.”

“Sasa?”

Verlin aligeukia dirishani. “Tangu wakati wa barafu, karibu na Krismasi, siwezi hata kufunga ndoano ya kuvulia. Nikienda ziwani namwambia jamaa anifungie, najidai nimesahau miwani.”

Oneta alikanyaga breki, pikapu ikasimama kando ya barabara, mbele ya lango la ng’ombe la mtu.

“Tangu wakati wa barafu! Na mimi nimekaa nikisikiliza imekaza, imelegea, inabana! Ningeshakupeleka kwa daktari, Verlin! Kwa nini hukusema, mkaidi mkubwa wewe?”

“Kwa sababu kama ni ala, nanunua nyingine,” Verlin alisema. Aliunyanyua mkono wake wa kulia, wote wawili wakautazama ukitetemeka. “Huu je? Lonnie anao?”

Oneta alizima injini. Bado alikuwa na hasira, ila sasa hakuona wa kumkasirikia. Aliuchukua ule mkono akaubana kati ya mikono yake, nao ukaendelea vilevile kutetemeka, na machozi yakamtoka bila hodi.

“Jumatatu tunakwenda hospitali,” alisema. “Na bastola inaingia kwenye sefu leo, wala usinibishie.”

“Sibishi.” Verlin alijaribu kufikia kiuno chake kwa mkono wa kushoto, akashindwa. “Nitolee hili dude, mama. Linanichoma.”

Oneta alijifuta pua kwa kiganja, akamwinamia. Kulikuwa na klipu mbili na ndoano moja iliyojificha chini ya mkanda. Alivuta, akabonyeza, akavuta tena. Ukucha ukavunjika.

“Hivi nani alitengeneza ushenzi huu?”

“Bonyeza, halafu vuta juu.”

“Nimebonyeza!”

“Basi vuta.”

“Usinifundishe, Verlin. Tulia.”

“Nimetulia,” Verlin alisema, na kweli alikuwa ametulia mwili mzima, isipokuwa mkono.