Juzuu ya Nne

Bibi Odile Perrenot alikuja dukani kwangu, hapa mjini Arbois, baada ya kumzika mumewe, Firmin. Kikapuni, juu ya vitunguu majani, alibeba riwaya ya juzuu nne iliyochapwa kabla ya Mapinduzi yaliyomwondoa mfalme wetu, ingali katika majalada yake ya karatasi ya buluu. Hakuja kuuza. Alikuwa kipofu kwa miaka mingi, na kila majira ya baridi Firmin alimsomea riwaya hiyo nzima. Alitaka nimsomee sehemu moja tu, karibu na mwisho, pale mume anapomwomba mkewe msamaha.

Nikaichukua juzuu ya nne. Vitabu vya enzi hizo viliuzwa karatasi zikiwa bado zimekunjwa, na mnunuzi alizikata kingo mwenyewe kwa kisu ili asome. Juzuu tatu za kwanza zilikuwa zimekatwa. Ya nne haikuguswa. Hakuna aliyewahi kuisoma.

Nilifikiria kubuni maneno mawili matatu, nikaacha. Sina kipaji hicho, wala yeye si wa kudanganywa. Nikamweleza.

Akazipapasa kingo kwa kidole gumba, taratibu, mpaka akaridhika.

"Huyo mume aliomba msamaha wa nini?" nikamuuliza.

"Mkewe aliumwa mguu. Mumewe akamwambia asubiri mavuno ya zabibu yaishe ndipo waende kwa daktari. Mguu ukakatwa." Kidole gumba kikarudi kwenye kingo. "Macho yangu yalianza kuuma mwezi wa tisa, Bwana Jacquemin. Zabibu zilikuwa bado shambani."

Alinieleza kwamba siku zote alimcheka mume yule wa kitabuni, jitu zima linangoja mpaka juzuu ya nne ndipo lifungue mdomo. Firmin akifika hapo alikuwa akikohoa, kisha akimuuliza: ungekuwa wewe mkewe, ungemwambiaje?

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba aache kulialia, aje mezani, supu inapoa." Akatabasamu. "Naye Firmin alikuwa akija kweli. Alikula sahani mbili kila mara."

Nikamwekea mkononi kisu cha mfupa cha kukatia kurasa, nikamuuliza kama nikate, tusome kilichochapwa. Mimi nilitaka kujua.

Akakigeuzageuza, akanirudishia.

"Huyo mume aliyemo kwenye kurasa hizi simjui," alisema.

Akaipanga riwaya kikapuni, safari hii chini ya vitunguu, juzuu ya nne ikiwa ya chini kabisa.