Nyekundu Kulia

Tangu mkewe afariki, fundi cherehani mmoja mzee, aliyezoeleka kwa jina la Tepe kwa sababu ya utepe wa kupimia usiomtoka shingoni, alikuwa akila chakula cha jioni peke yake. Moyo wake nao ulichagua saa hiyohiyo kumfanyia vituko. Akishika kijiko tu, unaanza kwenda mbio kama cherehani inayokanyagwa na mwanafunzi. Binti yake wa pekee, aliyekuwa na kazi yake mji mwingine, alimpigia simu kila Jumapili. Mzima, baba? Mzima. Wamemaliza. Tepe hakuwahi kumwambia njoo, kwa kuwa aliona haya kumsumbua bila sababu. Ndiyo maana alipokwenda kupimwa moyo alikuwa akiomba, Mungu amsamehe, wamkute na kaugonjwa kadogo, ka kumleta binti bila kumzika baba.

Dada mpimaji alimlaza kifua wazi, akambandika vibandiko baridi kifuani na kumbana vibanio vya rangi, vyenye nyaya, mikononi na miguuni. Akamtoa wasiwasi kwamba mashine haimwingizii umeme hata chembe. Inausikiliza tu ule umeme mdogo ambao moyo wenyewe huutoa kila unapopiga, na kuuchora kwenye karatasi. Tepe akamwomba ausikilize vizuri, maana siku hizi hauna msikilizaji mwingine. Dada alicheka kidogo, akaiona saa mkononi mwa Tepe, akamwambia aivue wakati yeye anafuata karatasi kabatini.

Kuvua saa huku mikono yote miwili imebanwa si mchezo. Tepe alivitoa vibanio vya mikononi, akavua saa, na kwa kutotaka kumsumbua dada wa watu akavirudisha mwenyewe. Alikuwa amemsikia akijisemea wakati wa kufunga: nyekundu kulia, njano kushoto. Lakini mtu aliyepima mabega ya wateja maisha yake yote, amesimama mbele yao, kulia kwa mteja anakujua kuwa ni upande wa kushoto kwake. Mikono ikafanya ilivyozoea, na nyekundu ikaenda kushoto.

Mashine ikachora. Dada aliitazama karatasi, akaitazama tena. Tepe alipouliza kulikoni, alijibiwa kwamba baadhi ya mistari inatazama chini badala ya juu, na huenda kuna sehemu ya moyo iliyowahi kuumia, ila daktari ndiye atakayesema. Kisha akaulizwa amekuja na nani.

"Na kofia yangu," alisema Tepe.

Dada akamshauri ampigie ndugu. Akampigia binti, na hata hakumaliza kueleza.

"Baba, usiondoke hapo. Nakuja."

Tepe aliogopa, tena sana, lakini chini ya hofu ile kulikuwa na furaha iliyomtia aibu. Alianza kuwaza sahani ya pili aliiweka wapi.

Daktari, mama mtu mzima mwenye miwani, alisoma karatasi, kisha akamtazama Tepe mikononi badala ya usoni. Akauliza nani kafunga hivi. Tepe akakiri. Vibanio vikabadilishwa, mashine ikachora upya, na mistari ikakaa inavyotakiwa. Daktari alimwambia hakuna dalili ya kuumia, ila karatasi hii imeuona moyo kwa sekunde chache tu, tena umetulia. Kwa kuwa mbio zenyewe huja jioni, arudi kesho avalishwe kifaa kidogo cha kuufuatilia mchana kutwa na usiku kucha. Na ampigie binti aliye njiani, asiendeshe gari akiwa na hofu ya bure.

Tepe alifunga vifungo vya shati polepole kuliko ilivyohitajika. Akapiga simu.

"Nilifunga nyaya vibaya, mwanangu. Wamepima tena, wameukuta uko sawa."

Alimsikia akishusha pumzi, kisha gari likisimama kando ya njia.

"Kwa hiyo mzima, baba?"

Jibu la Jumapili lilikuwa tayari mdomoni. Angelitoa, gari lingegeuzwa, naye angerudi kwenye sahani yake moja.

"Kipimo kinasema mzima," alisema. "Lakini kimenipima asubuhi. Hakijaniona nikila jioni."

Binti akazima injini. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeona haya kutojua, baba huwa anakula saa ngapi.

"Saa moja," alisema Tepe. "Ila leo nitakungoja."