Mikono Inayolala Kabla ya Mwenyewe

Wewe uliona. Usiseme ulikuwa na haraka. Kila asubuhi basi la shamba la maua linapowachukua wanawake pale kituoni Noonkopir, unawaona wakikung'uta mikono kama watu walionawa wakakosa taulo, na kila asubuhi unageukia simu yako. Miaka imepita hivyo. Leo sikiliza habari ya mmoja wao, tena uisikilize hadi mwisho.

Nyaguthii amekata waridi miaka kumi na minne katika shamba moja kwenye barabara ya Isinya. Makasi mkono wa kulia, shina mkono wa kushoto, kata, kata, kata, mpaka ndoo ijae. Februari ikikaribia, wakati Wazungu wanapopendana kwa wingi, hata chai inanywewa wima. Mkono wake wa kulia ulianza kulala, ganzi kwenye ncha za vidole vitatu: gumba, cha shahada na cha kati. Baadaye ukawa unamwamsha usingizini, unachoma kama umeingiliwa na siafu, anaukung'uta mpaka utulie. Asubuhi vifungo vya sare vinamshinda. Wa kushoto nao ukaanza kufuata.

Dawa ya pale shambani inajulikana. Unachukua raba za kufungia mafungu ya maua, tatu hivi, unazivalisha kwenye kifundo cha mkono mpaka ngozi ifanye mfereji. Zinatia nguvu, walisema waliotangulia, nao waliambiwa na waliowatangulia. Nyaguthii alivaa tatu. Mkono ulipozidi kuuma, akaongeza ya nne.

Ndulu naye alizivaa. Alikuwa Mkamba wa meza yao, mama wa vichekesho, mpaka mwaka wa 2014 alipoangusha ndoo mbili katika wiki moja. Wasimamizi wakamwandika mzembe, na mwisho wa mwezi jina lake halikuitwa kati ya wanaobaki kazini. Nyaguthii alikuwepo. Alimwona Ndulu akitafuta macho ya mtu wa kumtetea, naye akainama akaendelea kuhesabu mashina. Siku hizi Ndulu anauza mboga sokoni Kitengela, na sukuma wiki anakatiwa na jirani. Ile nyama nene ya chini ya kidole gumba imeliwa yote, pamebaki shimo kama shavu la mzee asiye na meno.

Mwaka huu Kakenya alikuwa na harusi ya dada yake. Kakenya hukata maua mstari mmoja na Nyaguthii, na wakati wa chai alikuwa anatunga mkufu wa bibi harusi. Alitaka kila rafiki atie shanga chache kwa mkono wake mwenyewe, iwe baraka. Sahani ilipomfikia Nyaguthii, ambaye wenzake humwita Mama Melvin, shanga zikamtoroka.

"Mama Melvin, unazitunga ama unazichunga?" Kakenya akamtania, na meza nzima ikacheka.

Nyaguthii naye akacheka. Akafumba macho, akajaribu tena, na hakujua kama ameshika shanga au ameshika hewa. Kakenya akaacha kucheka. Akauchukua ule mkono, akabonyeza chini ya kidole gumba, na wote wawili wakaona bonde dogo likianza. Hakuna aliyetaja jina la Ndulu.

"Kesho unaenda hospitali Kajiado," Kakenya akasema. "Mistari yako niko nayo mimi."

Hospitalini alimkuta daktari kijana, Lemein, aliyemwambia akutanishe migongo ya mikono, vidole viangalie chini, atulie hivyo. Dakika haikuisha, siafu wakafika. Akamgonga kwenye kifundo, umeme ukapiga hadi ncha za vidole. Halafu akaziona raba, akauliza ni za nini. Nyaguthii akamweleza. Lemein hakucheka. Alichukua makasi akazikata moja moja.

"Mama, unajua njia ya josho, pale ng'ombe wanapita mmoja mmoja? Hapa ndani kuna njia kama hiyo. Mshipa wa fahamu unapita humo pamoja na kano za vidole. Kano zikivimba kwa kazi, zinaubana. Na wewe ukazidi kuibana njia kutoka nje."

Akamweleza matibabu bila kumficha. Mkono wa kushoto ulikuwa bado mapema: gango la kunyoosha kifundo wakati wa kulala, na kuupumzisha, ukikataa, sindano. Wa kulia ulihitaji kupasuliwa kidogo, kwa sindano ya ganzi ya hapo hapo, akiwa macho, paa la ile njia lifunguliwe mshipa upumue. Arudi Alhamisi. Nyama ya gumba ikishaisha, alisema, huenda isirudi.

"Na mtu aliyekaa miaka kumi hivyo?"

Lemein akazitupa raba zilizokatwa. "Mwambie aje tu. Huenda maumivu yakapungua."

Siku iliyofuata Nyaguthii alimpelekea supavaisa Dalmas barua ya hospitali. Dalmas si mtu mbaya, ana tabia ya kuongea akiangalia viatu vyake. Alikuwa na fomu tayari. Ruhusa atapata, alimwambia, wiki zote alizoandikiwa, na kazi atairudia, mradi aweke sahihi pale palipoandikwa kwamba ugonjwa umetokana na kufua nguo nyumbani, shamba lisidaiwe.

Nyaguthii alishika kalamu. Ikamponyoka, ikabingiria chini ya meza, na Dalmas akainama kuiokota. Alipoinuka akamkuta amekunja mikono.

"Andika maua," Nyaguthii akasema.

"Mama Melvin, usinitie shida."

"Nafua Jumamosi. Hapa nakata siku sita. Andika maua, ama niende bila karatasi yako."

Kakenya alikuwa ameacha mstari. Akaja akasimama kando yake, akanyoosha mikono yake juu ya meza. "Hata yangu inalala," akasema. Akafuata mwingine, na mwingine, mpaka meza ya Dalmas ikajaa mikono na fomu haikuonekana tena. Dalmas hakuandika kitu. Alhamisi Nyaguthii akaenda kupasuliwa bila sahihi yake, na wanawake kumi na saba hawakushika makasi mpaka fomu nyingine ilipoletwa, iliyoandikwa maua.

Wewe bado unasoma. Simama. Nenda kwa anayekufulia, anayekukatia, anayekushonea, umuulize kama vidole vyake vinalala kabla yake. Akisema ndiyo, usimwambie ni baridi. Mpeleke hospitali kesho asubuhi, na wakimletea karatasi ya uongo, simama naye mezani. Amka sasa.