Mizani Iliyopungua

Fundi viatu alikuwa na mazoea ya miaka thelathini na minane: kila utungo alioutunga, mkewe ndiye aliyeupima. Bibi yule hakujua kuandika, lakini sikio lake halikupitwa na kitu. Aliposomewa, vidole vyake viligonga juu ya goti, mizani nane kila kipande. Ikipungua moja, alikunja uso kama aliyetafuna mchanga.

Sasa goti lilikuwa chini ya shuka, na daktari alikwisha kuwaambia warudi nyumbani wakamwombe Mungu. Fundi alitaka jambo moja tu: akamilishe utungo wa kumshukuru mkewe, naye aukubali kwa kinywa chake kabla hajaondoka.

Aliandika kwa penseli juu ya vipande vya maboksi ya viatu. Jumatatu akamsomea. Vidole vikacheza juu ya shuka.

"Utungo unachechemea, mume wangu," alisema kwa sauti nyembamba. "Hata kiatu cha mteja mbishi hukirudishi kikiwa hivi."

"Mteja mbishi ni wewe."

"Basi nishonee upya."

Akashona upya. Jumanne akafuta, Jumatano akabadili vina, Alhamisi akaurejesha mshororo alioutupa Jumatatu. Kila siku mkewe aliona kasoro, na kila kasoro ilimpa fundi faraja asiyothubutu kuitamka: mwenye kukosoa yungali hai.

Ijumaa, baada ya sala, alisoma ubeti wa mwisho. Alipofika "Taa ya nyumba yetu," alisikia mwenyewe kwamba mizani moja imedondoka. Akangoja kukemewa.

"Mzuri," mkewe akasema. "Umekamilika."

Vidole vilikuwa vimelala juu ya shuka. Havikuwa vimetikisika tangu aanze kusoma.

"Hongera, baba," binti yao akanong'ona mlangoni, kikombe cha maji mkononi. "Leo umemweza mama."

Fundi alitoka hadi uani, akaketi juu ya kigoda chake cha kazi, akalia bila sauti.

Jumapili walimzika. Wageni walipokwisha kutawanyika, aliketi ukingoni mwa kitanda kisicho na shuka, akasoma pole pole: "U taa ya nyumba yetu." Akahesabu kwa vidole vyake juu ya goti lake. Nane zilitimia. Akangoja kidogo, kama mtu aliyebisha hodi.

Kisha akarudi kwenye ubeti wa pili. Alihisi bado unachechemea. Akachukua kifutio.