Dagaa Marufuku Garini

Keki yangu ya ghorofa tatu ilianguka Bunda mbele ya watu mia mbili, na aliyeiangusha, nilivyoamini mimi, alikuwa mume wangu Pastory na dagaa wake.

Naitwa Dorotea. Ninaoka keki hapa Iringo, Musoma mjini, na nyingi huenda mbali. Krimu haipendi joto, kwa hiyo AC ya gari kwangu ni ya lazima kama oveni. Siku ile ya Bunda AC ilipuliza hewa ya uvuguvugu yenye harufu kali ya kuchacha. Nilipofika ukumbini ghorofa ya juu ilikuwa imeteleza, na wakati wa kukata ikalala kabisa. Mshereheshaji akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba keki imechoka safari. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na video ilifika Musoma kabla yangu.

Nilirudi nimefura. Pastory hununua dagaa mwaloni Murangi, ufukweni mwa ziwa, kila Jumatatu na kuwaleta sokoni kwa gari letu hilo hilo.

"Baba Jastin, kuanzia leo dagaa marufuku garini," nikamwambia. "AC imekula samaki mpaka imeziba."

"Mama Jastin, mimi nawawekaga kwenye gunia mbili mbili, halafu turubai juu. Sasa dagaa waingie kwenye AC kwa mlango gani?"

Sikutaka kusikia. Mimi nikikasirika, masikio nayo yanakasirika. Miezi mitatu mume wangu alikwenda Murangi kwa pikapu za watu na kurudi amekaa juu ya magunia yake, vumbi mpaka kwenye kope. Hakulalamika. Nilidhani kimya chake ni cha mtu mwenye hatia, na hilo, nisiseme uongo, lilinipa raha.

Fundi wa kwanza aliongeza gesi. Wa pili naye akaongeza gesi. Harufu ikabaki pale pale, nami nikawa naipulizia pafyumu kwenye matundu ya hewa.

Ndipo ikaja kazi ya Nyangi wa Butiama. Alitaka keki ya harusi ya ghorofa nne, krimu nyeupe, Jumamosi saa sita mchana. Baba yake, Mzee Kasmiri, alikuwa ameiona ile video.

"Mwanangu amekung'ang'ania wewe," aliniambia kwenye simu. "Mimi nilitaka mtu mwingine. Usije ukatuletea iliyolala."

Baada ya simu ile nililia kidogo jikoni. Nilijua ikianguka na hii, hakuna mtu mkoa mzima wa Mara atakayenipa keki tena. Nitarudi kukaanga maandazi kama zamani.

Alhamisi nikapeleka gari kwa Bhoke, fundi wa kike anayeshughulika na AC za magari tu. Bhoke haongei sana, na ana tabia ya kunusa kabla ya kushika. Akawasha AC, akasogeza pua.

"Hii si samaki," akasema.

"Ni dagaa. Mume wangu anauzaga dagaa."

"Dada, mimi nimekulia mwaloni, dagaa wanaanikwa mpaka mlangoni. Dagaa nawajua."

Akafungua mbele. Kule mbele ya rejeta kuna kifaa kingine kinachofanana nayo, ndicho kinachotoa joto la AC nje. Kilikuwa kimejaa wadudu wa ziwani waliokufa, wale wanaoinuka juu ya maji kama moshi. Akakiosha kwa maji ya taratibu, maana maji ya presha yangevilaza vile vibati vyake vyembamba. Akapima gesi, akatikisa kichwa.

"Imezidi. Watu wanaongezaga tu."

Akaitoa kwa mashine, akarudisha kiasi chake. Kisha akashusha droo ya dashibodi upande wa abiria, akavuta filta.

Mimi nilisubiri macho ya dagaa. Filta ilitoka nyeupe, nzito, imegandamana, inanuka pombe ya kienyeji. Nyuma yake, kwenye feni, kulikuwa na donge. Bhoke alilibonyeza kwa kidole, likarudi polepole.

"Dada, humu unakandaga nini?"

Nikakaa juu ya tairi. Ulikuwa unga wa ngano, na sukari ya unga, na hamira. Kila nikitoka dukani huiweka mifuko pale chini, miguuni kwa abiria, na mingine hutoboka. Bhoke akanionyesha kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, ambacho mimi sikizimi kwa kuogopa vumbi. Akasema ukikibonyeza, AC inavuta hewa hapo hapo miguuni. Bomba la kutolea maji nalo lilikuwa limeziba kwa uji huo huo. Kumbe muda wote nilikuwa naumua mkate ndani ya gari, halafu naunyunyizia pafyumu.

"Usimwambie mtu," nikamwomba.

"Mimi si msemaji. Hii filta nitupe?"

Nilitaka kusema tupa. Ulimi ukakataa. "Nifungie kwenye mfuko," nikasema.

Akasafisha ndani kwa povu mpaka maji yaliyodondoka chini ya gari yakawa safi, akaweka filta mpya. Jumamosi niliendesha hadi Butiama nimevaa sweta, meno yanagongana, na keki ikashuka imesimama wima. Mzee Kasmiri aliizunguka mara mbili akitafuta inapoegemea.

"Hii haijachoka," akasema, akanipa mkono.

Nilifurahi, jamani, nilifurahi sana. Ila ule mfuko ulikuwa kwenye buti, na ulinisumbua njia nzima ya kurudi.

Jumatatu mchana nikaendesha mpaka Murangi. Pastory alikuwa kando ya barabara na magunia yake, anasubiri pikapu. Alipoliona gari akarudi nyuma hatua mbili.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Pakia."

"Na dagaa?"

"Dagaa kwanza, wewe baadaye."

Hakusogea. Nikampa mfuko. Akaufungua, akanusa, akakunja uso, akanusa tena.

"Huu ni unga."

"Ni unga wangu, na hamira yangu. Dagaa wako hakuwamo hata mmoja. Nimekuonea miezi mitatu, Baba Jastin. Nisamehe."

Nilitegemea anicheke, au anifokee. Yeye akaifunga filta tena mfukoni.

"Kumbe," akasema. "Maana hata mimi nilishaanza kuamini. Nilikuwaga naoga mara mbili kabla sijaingia ndani kwako."

Hilo sikulijua. Machozi yakanitoka pale pale barabarani, nikainama nikabeba gunia la kwanza mwenyewe.

Tulipoondoka akaanza kushusha kioo, kwa mazoea ya kuogopa kuninukia.

"Pandisha, Baba Jastin. Ubaridi unatoka."

Akapandisha. Akanyoosha miguu, akaweka viganja vyake mbele ya tundu la AC na kucheka peke yake. Gari lilinuka dagaa mpaka Iringo, safari hii dagaa kweli, na mimi kioo changu sikukigusa.