Kuruka Mwezini Umelala Chali

Henrike alikuwa na siku hamsini na moja hajainua kichwa. Katika maabara moja ya Köln, Ujerumani, alikojitolea kwa utafiti wa safari za anga, kitanda chake kiliinamishwa upande wa kichwani, damu imjae usoni kama inavyowajaa wanaanga, na sharti lilikuwa moja: bega lisiachane na godoro, iwe kula, iwe kuoga. Ukikaa kitako tu, miezi miwili imekwenda bure. Wageni hawaruhusiwi.

Kilichomtesa si kitanda. Mama yake, Gerlinde, mwalimu mstaafu wa mazoezi ya viungo, alikuwa akipoteza kumbukumbu katika nyumba ya wazee kule Aachen, na kila Jumapili alimtambua bintiye kwa shida zaidi. Jumapili hii aliutazama ule uso uliovimba kwenye simu.

"Huyu mgonjwa ni nani?"

"Ni mimi, mama. Henrike."

"Wacha uongo! Henrike wangu halali mchana. Kama ni wewe, kaa kitako nikuone."

Henrike akashika ukingo wa kitanda, shingo ikaanza kukaza.

"Thubutu!" Detlef, fundi wa mtambo wa kurukia, alimdaka bega. "Zimebaki siku tisa, dada. Zamu yako imefika, ruka akuone hivyohivyo."

Akamtelezesha, bado yu chali, hadi kwenye kigari cha reli, nyayo zikikanyaga bamba la ukutani. Duniani ardhi ndiyo inayokuvuta. Hapa mitungi ya hewa iliyoshindiliwa ilikivuta kigari, naye juu yake, kuelekea bamba. Detlef akapunguza mvuto hadi sehemu moja ya sita ya ule wa duniani, kama mwezini, akainua simu.

Henrike alisukuma kidogo tu, maana kwa nguvu za duniani reli ingemwishia. Akateleza mbali. Mvuto mdogo hauna haraka ya kukurudisha. Unabaki peke yako, huna pa kukanyaga, na muda huo aliuchukia kuliko yote ya humo ndani.

"Magoti!" simu ikafoka. "Tua kwa vidole! Mikono usiitupetupe!"

Henrike alicheka, machozi yakimtiririkia masikioni. Akaruka tena na tena, akitii kila amri.

"Eeh, sasa umepata," Gerlinde alisema, amefurahi kweli. "Nani alikufundisha, binti?"

"Mama yangu."

"Ana bahati. Mpigie simu basi, atakuwa anakungoja."

"Nitampigia."

Gerlinde akamuaga kwa adabu, kama mtu anavyomuaga mgeni, akakata simu.